Muuguzi Naye Ana Watoto

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi wa mtaa wetu hapa Nyakato, Mwanza, huanza kunipigia hodi. Wanajua nimeifanya kazi ya uuguzi mpaka nikastaafu. Swali lao halibadiliki: binti amefaulu Baiolojia na Kemia, nimpeleke chuo cha uuguzi? Inalipa?

Mwaka huu waliniuliza katika juma lile lile ambalo kiongozi mmoja, kwenye hafla ya hadhara hapa mjini, alisema kwamba wauguzi wa siku hizi hawana wito, wamefuata mshahara tu. Watu walimpigia makofi. Nami nilikuwapo, na maneno yale hayakunitoka hata baada ya kufika nyumbani. Mzazi anayeuliza kama inalipa na kiongozi anayewalaumu waliofuata malipo wanaamini jambo moja: kwamba wapo wauguzi wa fedha na wapo wauguzi wa wito, na kwamba mtu akisimama mlangoni mwa chuo anaweza kuwatenganisha. Kwa niliyoyaona kandokando ya ziwa hili, siwezi kuliamini hilo.

Nilizaliwa Ukerewe, baba yangu akiwa mvuvi. Wezi wa ziwani walimwibia nyavu zaidi ya mara moja, na mara ya mwisho hawakumwachia kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chuo cha uuguzi cha serikali kilikuwa mlango wa watoto wa watu kama baba. Ulilala bweni, ukala, ukapewa sare, na ukimaliza ulipangiwa kituo na kuingizwa kwenye orodha ya mishahara. Mama aliliona hilo kabla yangu, ndiye aliyenishikia fomu.

Siku ya usaili tuliulizwa mbele ya wenzetu kwa nini tunataka kuwa wauguzi. Mmoja baada ya mwingine tulijibu kwamba tunapenda kuwahudumia wagonjwa. Zamu ikamfikia msichana mmoja aliyetoka upande wa Geita. Akasema, "Baba alifariki. Nina wadogo nyuma yangu. Nikipata mshahara watasoma." Chumba kikanyamaza. Mkufunzi, mama mmoja mkali tuliyekuja kumwogopa na kumpenda, akamtazama kwa muda, kisha akamwuliza, "Na mgonjwa akikutapikia?" Akajibu, "Nitamsafisha, halafu nitanawa." Akachukuliwa.

Yule msichana alikuja kuwa mkunga bora kuliko wote niliowahi kufanya nao kazi. Miaka mingi alikuwa ng'ambo, upande wa Sengerema. Wakati huo hakukuwa na daraja. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na kabla yake mama mwenye uchungu pingamizi aliyetakiwa kufikishwa hospitali ya Bugando alisubiri kivuko, usiku au mchana, mvua au jua. Yeye ndiye aliyekaa nao kwenye gari ufukweni, ameshika dripu kwa mkono kwa kuwa hapakuwa na pa kuitundika. Wadogo zake walisoma wote. Shida ya ada ilipokwisha, sababu aliyoitaja siku ya usaili ilikuwa imekwisha pia. Hakuacha kazi, aliendelea hadi miaka ya kustaafu.

Darasani mwetu alikuwamo pia mwenzetu aliyesema amesikia sauti ya Mungu ikimwita awauguze wagonjwa. Naamini alisema kweli. Aliondoka kabla ya likizo ya kwanza, baada ya kuosha kidonda cha mguu kilichokuwa kimeingia funza. Simhukumu. Nasema tu kwamba mkufunzi wetu alijua jambo ambalo hafla zetu zimelisahau: linalompitisha mtu mlangoni na linalombakiza ndani ni vitu viwili, na cha pili hakionekani siku ya usaili.

Tulipopelekwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, UKIMWI ulikuwa umetawala wodi. Wagonjwa wa kwanza nchini walikuwa wametambuliwa mwaka 1983 huko Kagera, ng'ambo ya ziwa letu, na miaka kumi baadaye hapakuwa na nyumba isiyokuwa na msiba. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa katika hospitali za serikali mwaka 2004; wakati wa mafunzo yetu tulikuwa na maji, sabuni, dawa za kutuliza maumivu na maneno. Glovu zilifuliwa, zikaanikwa, zikapakwa poda na kuvaliwa tena. Kila mmoja wetu aliyejichoma sindano alikaa miezi akijihesabu marehemu.

Kulikuwa na muuguzi mmoja wa siku nyingi ambaye wanafunzi tulimkimbia kwa ukali wa mdomo wake. Alilalamikia mshahara asubuhi, akaulalamikia jioni. Zamu ya usiku, wodi ikitulia, alitoa uzi na sindano zake akafuma sweta za watoto wachanga, akawauzia kina mama wa wodi ya wazazi. Wenzake wengine walimsema kwamba amegeuza zamu kuwa biashara. Lakini alikuwapo mgonjwa mmoja, kijana, ambaye ndugu zake walikuwa wakimsukumia sahani ya chakula kwa mguu kisha wanaondoka. Hakuna aliyetaka kumgusa. Yule mama mfuma sweta alimwogesha kila siku, akamkata kucha, akamgeuza ubavu kila baada ya saa kadhaa ili mgongo usichubuke. Nilimwuliza siku moja imekuwaje awe yeye. Akaniambia, "Sweta ni za ada ya wanangu. Huyu ni zamu yangu."

Tangu siku ile sijawahi kumshuku muuguzi kwa sababu analia mshahara. Kulilia haki yake na kumjali mgonjwa vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Anayenitia shaka ni yule anayepita kitanda bila kukitazama, na huyo nimemkuta miongoni mwa waliolipwa vizuri na miongoni mwa waliolipwa vibaya.

Kisha ikaja Mei 21, 1996. Meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilizama asubuhi ikiwa imebakiza kidogo kuingia bandari ya Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Miili iliwekwa uwanja wa Nyamagana ili ndugu waje kuitambua, na wengi walizikwa Igoma, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Wauguzi tulikwenda tulioitwa na tusioitwa. Waliokuwa likizo walikuja. Waliokuwa wametoka zamu ya usiku walirudi bila kulala. Walikuja hata wale ambao wiki hiyohiyo walikuwa wakigombea malimbikizo ya posho zao za zamu. Tuliwafunika marehemu, tukawashika mabega watu waliokuwa wakipita mstari hadi mstari wakitafuta sura wanayoijua. Sikumsikia mtu akitaja posho.

Watu hupenda kuutumia mfano huu dhidi yetu. Husema: mnaona, penye wito fedha haina nafasi. Mimi nilikuwapo, na funzo nililolipata ni tofauti. Msiba mkubwa hudai siku chache, na kwa siku chache karibu kila binadamu anaweza kuwa mwema kupita kiasi. Uuguzi ni Jumanne ya kawaida, mwaka wa kumi na saba wa kazi, wodi ina wagonjwa wengi kuliko vitanda, nyumbani mtoto amerudishwa kwa ada, na mzee wa kitanda cha pembeni anaita kwa mara ya sita. Huruma ya Nyamagana tulikuwa nayo wote. Ili kumfikia yule mzee mara ya sita kwa sura ileile, muuguzi anahitaji awe amekula na akili yake isiwe kwenye deni la kodi ya nyumba.

Haya niliyaelewa vizuri zaidi nilipopangiwa zahanati ya kisiwani, ambayo sitaitaja jina. Tulikuwa tabibu mmoja, mimi, na mhudumu. Waliotuzunguka walikuwa wavuvi wa makambini na wanawake waliokausha dagaa. Asiyeyajua maisha ya ziwa hawezi kujua kwamba fedha za kambini hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, siku hizo kwa taa za karabai. Mbalamwezi ikija, mitumbwi hukaa ufukweni na mifuko hukauka. Wakati wa giza wagonjwa walikuja na hela lakini hawakuwa na muda. Wakati wa mbalamwezi walikuja wengi, wakiwa na majeraha ya ugomvi, malaria iliyocheleweshwa, kichocho, kuhara, na mfukoni hamna kitu.

Sisi nasi tulikuwa na mwezi wetu. Mshahara ulifuatwa mjini Nansio. Ulipanda mtumbwi wa injini alfajiri, ukapanga foleni, na mara nyingine ukaambiwa fedha hazijafika, rudi wiki ijayo. Siku hizo hapakuwa na kutumiwa fedha kwa simu. Muuguzi aliyenitangulia pale alikuwa ameondoka kisiwani kufuata mshahara uliokwisha kuchelewa, tabibu akiwa safarini kikazi, mama mmoja akaletwa na uchungu. Mhudumu alifanya alilolijua. Mtoto hakuishi. Nilipofika, kisiwa kizima kiliniambia kwamba yule muuguzi alikuwa mpenda fedha. Huyo alikuwa amesafiri ziwani kwa gharama yake kufuata malipo ya kazi aliyoifanya mwezi uliopita. Aliyepanga mshahara ufuatwe mbali na wagonjwa, na ukifuatwa usiwepo, hakutajwa na mtu, kwa kuwa kisiwani hakuna aliyemjua.

Yule tabibu alinifundisha jambo chungu zaidi. Nilipoanza kazi naye, alikuwa mtu wa kuamka saa nane usiku bila kunung'unika. Kuna usiku tulivuka pamoja na mama aliyekuwa anatokwa damu, mawimbi yakiingia mtumbwini, yeye akichota maji kwa kopo na mimi nikimkandamiza mama tumbo, na mama alipona. Mishahara ikaendelea kuchelewa. Akaanza kukopa dukani. Halafu akafungua duka la dawa baridi kwa jina la mkewe. Baada ya muda dawa za zahanati zikawa zinaisha mapema kuliko zamani, na wagonjwa wakaelekezwa dukani. Wizi ni wizi, na waliopoteza ndugu kwa kukosa dawa wana haki ya kumlaani. Lakini niliyashuhudia mabadiliko yake hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza haikuwa kuiba. Kwanza aliacha kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize. Kisha akaacha kuamka usiku. Uvumilivu ulipungua kwanza, uaminifu ukafuata. Kwa hiyo nikisikia wakubwa wakishangaa kwamba wahudumu wana majibu ya mkato, hujiuliza ni kwa miezi mingapi malimbikizo yao yamekaa kwenye faili.

Hapohapo kisiwani nilijifunza kutenganisha asante na rushwa. Kuna mwanamke mchuuzi wa samaki aliyekuja wiki baada ya kujifungua, kanibebea sato wawili wakubwa kwenye beseni. Nilipotaka kukataa aliniambia nitamwaibisha. Nikala. Asante huja mtoto akishapona, na rushwa hudaiwa mama akiwa bado kitandani. Kijijini kila mtu anaijua tofauti hiyo bila kusomewa sheria.

Dawa za kufubaza virusi zilipofika, niliona wodi ikibadilika kwa namna ambayo sikuitegemea maishani mwangu. Watu waliobebwa kwa machela walirudi baada ya miezi wakitembea, wakatusalimia kwa majina. Nilikuwa na wenzangu waliolia kwa furaha kwenye korido. Pamoja na dawa zikaja fedha za miradi, na pamoja na miradi semina, na pamoja na semina posho. Kliniki za matunzo na tiba za wenye virusi vya UKIMWI (CTC) zikapata wauguzi, wodi za watoto na za wazazi zikabaki na wachache. Aliyekuwa na jina kwenye orodha ya semina alipata kwa siku chache fedha ambayo mwenzake wa wodini hakuiona kwa mwezi. Wengi walihamia huko, na walioitwa wabinafsi walikuwa ni walewale waliokuwa wakiwaogesha wagonjwa kwa glovu za kufuliwa miaka kumi kabla. Mioyo yao ilikuwa ileile. Fedha iliwekwa upande mmoja, watu wakaelekea huko, na aliyepanga bajeti alipaswa kuliona hilo mapema.

Upande mwingine wa jambo hilohilo niliuona kwa vijana wa mpango wa Mkapa. Taasisi ya Rais Benjamin Mkapa ilianza katikati ya miaka ya 2000 kuwaajiri wahudumu wa afya kwa mikataba, kwa malipo bora, na kuwapeleka wilaya za pembezoni ambako watumishi hawakutaka kukaa. Walikuwapo waliosema wale wamefuata hela. Niliokutana nao walikuwa wameifuata, na hawakuificha. Walikaa pia, wakajifunza lugha ya wagonjwa wao, wakaamka usiku. Mtu aliyelipwa kwa wakati mahali pagumu alifanya kazi ambayo hotuba zetu zingesema ni ya wito.

Kila Mei 12 tunawasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale, aliyezaliwa siku hiyo mwaka 1820, na tunakula kiapo upya. Ninaipenda sherehe hiyo, nimeihudhuria miaka yote niliyoweza. Lakini watoa hotuba humtaja kama mwanamke aliyetumikia bila kudai chochote, nao huacha habari muhimu. Alipoanza kusimamia hospitali ndogo mjini London mwaka 1853 bila mshahara, baba yake, aliyekuwa tajiri, alimpa pauni 500 kila mwaka. Na mwaka 1860 ilipofunguliwa shule ya wauguzi yenye jina lake katika hospitali ya St Thomas', wanafunzi walipewa chakula, malazi na pauni 10 kwa mwaka wakiwa bado wanajifunza. Hakutarajia binti asiye na baba tajiri aishi kwa moyo wake mwema tu.

Hapo ndipo napata uchungu na hali ya sasa. Tangu ajira za serikali ziliposimamishwa mwaka 2016, na hata zilipofunguliwa tena kwa awamu, vyuo vimeendelea kutoa wahitimu wengi kuliko nafasi zinazotangazwa. Mabinti wanasoma kwa ada ambayo wazazi wameuza ng'ombe kuilipa, wanapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kisha wanakwenda kujitolea. Katika kituo kimoja nilichokuwa nikikitembelea karibu na mwisho wa utumishi wangu, alikuwapo binti wa aina hiyo. Alitembea kwa miguu kutoka mbali kwa kuwa hakuwa na nauli, alishika zamu kamili, alikesha peke yake wodi ya wazazi. Alipouliza kuhusu posho aliyoahidiwa, aliambiwa avumilie, uuguzi ni wito. Aliyemwambia alikuwa na mshahara na gari. Yule binti alikuwa na mikono ya ukunga ambayo huwezi kuifundisha. Leo ni wakala wa fedha za simu karibu na stendi, na biashara inamwendea vizuri. Nimefurahi kwa ajili yake, na nimeumia kwa ajili ya kina mama watakaojifungulia mikononi mwa mwingine.

Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipoingia Kagera, miongoni mwa watu sita waliofariki alikuwamo mhudumu wa afya. Hiyo ndiyo kazi tunayowaomba vijana waifanye kwa ahadi ya chakula cha mchana. Na uvumilivu una mwisho: nchini Kenya mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kwa karibu miezi mitano, na wagonjwa waliteseka sana. Sipendi mgomo wa hospitali, na sijawahi kushiriki. Ila naelewa kwamba haukuanza siku wauguzi walipoweka chini sindano. Ulianza kwenye makubaliano yaliyokaa bila kutekelezwa.

Wazazi wanaonijia huwajibu hivi: msimwulize binti kama ana wito, kwa sababu katika umri huo hajui, na akijua atawaambia mnachotaka kusikia. Mpelekeni akamwuguze bibi yake mgonjwa kwa majuma mawili, amwoshe, amlishe, aamke naye usiku. Mkimwona siku ya mwisho bado anamsikiliza bibi, mlipieni ada. Kama anataka mshahara, hiyo si dosari. Nami niliutaka, na umejenga nyumba hii mnayokalia.

Kwa wenye mamlaka nina ombi. Tangu Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma kimekuwa shilingi 500,000 kutoka 370,000, na nimeona watumishi wakipumua. Nyongeza hiyo haimgusi anayejitolea, kwa kuwa hayumo kwenye orodha yoyote. Halmashauri na hospitali zinazowapanga vijana hao kwenye zamu ziwape mkataba wa maandishi, posho yenye tarehe, glovu, bima ya afya, na ukomo wa muda wa kujitolea. Miaka waliyotumikia ihesabiwe ajira zinapotangazwa. Na kiongozi atakayesimama tena kuwaambia wauguzi kwamba kazi yao ni wito, kwanza aulize hospitali ya hapo ina wangapi wanaofanya kazi bila kulipwa, na tangu lini.